Shimo Lisilojaa

Mchicha ulikuwa umeota ndani ya shimo la majivu. Haukuwa mche mmoja wa kubahatisha. Ulikuwa umejaa tele, majani mapana, mabua yenye afya, tangu ukingoni hadi kitakoni mwa lile shimo refu lililosakafiwa kwa udongo wa mfinyanzi ili kisipenye kitu kwenda ardhini. Bi Rukaya, mkaguzi wa mazingira aliyefika kutoka Dar es Salaam asubuhi ile, alisimama akautazama mchicha huo kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama tanuri lenyewe.

Kando yake alisimama Twalibu, msimamizi wa kiwanda, mikono nyuma, kifua mbele, akingoja kusifiwa. Alikuwa na sababu ya kungoja. Alilelewa katika shule ya bweni enzi ambazo shuka lililokunjamana lilikuwa kosa la kuadhibiwa mbele ya wenzako, na tangu siku hizo hakuamini kwamba mtu anayeacha ufagio sakafuni anaweza kukabidhiwa jambo lolote la maana. Uwanja wa kiwanda chake ulifagiwa kabla ya jua kuchomoza. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa. Mtu hakuruhusiwa kulikaribia tanuri bila viatu vya ngozi na kofia ngumu, awe kibarua, awe diwani.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha korosho. Serikali ilikijenga, serikali ikakifunga, na katika miaka ile ya kuuza mali za umma kikaangukia mikononi mwa kampuni ya watu binafsi. Kampuni hiyo ikang'amua kwamba vilima vya maganda vilivyokuwa vikioza nyuma ya ghala vilikuwa na mafuta, na mafuta ni moto, na moto ni mvuke, na mvuke ukielekezwa vyema huzungusha mashine ya umeme. Likajengwa tanuri na dohani ndefu. Mji wa Kibiti, uliozoea vibatari na majenereta ya wenye nacho, ukaona taa sokoni na kusikia jokofu la chanjo likinguruma katika zahanati. Siku taa za kwanza zilipowashwa, Twalibu alisimama gizani peke yake nyuma ya umati, asije mtu akayaona machozi yake.

"Bwana Twalibu," alisema Bi Rukaya hatimaye, "nimepita viwanda vingi. Sijaona uwanja uliotunzwa namna hii."

"Tunajitahidi, bibi."

"Ila shimo hili linanisumbua. Tanuri linawaka mwaka wa pili sasa, na shimo la majivu limeota mboga."

Twalibu akatabasamu. Hapo ndipo alipotaka kufikishwa. "Halijai, bibi. Majivu yetu hayalali hapa. Kina mama wa mtaani huja kuyachukua kila Alhamisi."

"Wakayafanyie nini?"

"Huhifadhia kunde na mahindi. Huchanganya mtungini, wakaufunga, mdudu asiingie. Ndiyo desturi ya huku: mwenye moto mkubwa, awe mhunzi au mfinyanzi, hamnyimi jirani majivu. Kumnyima mtu majivu ni kama kumtakia njaa. Mimi nimeiwekea desturi hiyo utaratibu tu. Wanapanga mstari kwenye mlango mdogo, kila mmoja na debe lake. Majivu yamekwisha poa, tena yamechekechwa, asije mtu akachomwa na msumari."

"Msumari?" Bi Rukaya aligeuka. "Maganda ya korosho yana misumari?"

"Misumari ni ya nguzo."

Akampeleka kuziona. Zilikuwa zimepangwa nyuma ya ghala kwa unyoofu uleule wa vitu vyote alivyovisimamia: nguzo kuukuu za nyaya, ambazo kampuni ilizinunua kwa mchuuzi mmoja wa vitu chakavu na kuzileta kwa malori pale korosho zilipokuwa haba na maganda yakapungua. Bi Rukaya akatoa funguo mkobani, akakwangua mmoja wa miti ile. Chini ya vumbi na weusi wa miaka, mti ulikuwa na rangi ya kijani iliyofifia, kama shaba iliyosahaulika mvuani.

"Zilikaa ardhini muda gani hizi?"

"Miaka mingi mno. Na tazama, mchwa hawakuzigusa." Twalibu aliipigapiga nguzo kwa kiganja, kana kwamba sifa hiyo ilikuwa yake pia.

"Kwa nini hawakuzigusa?"

Twalibu akaondoa kiganja kwenye nguzo. Kibwana, mkuu wa wachochezi wa moto, aliyekuwa akipita na toroli, alipunguza mwendo, akamwangalia bosi wake.

"Zilitiwa dawa," Twalibu alisema.

"Na dawa hiyo ilipoingia tanurini ikaenda wapi?"

"Moto..." alianza.

"Moto unakula mti," Bi Rukaya alisema kwa upole uliomchoma zaidi ya ukali. "Dawa ile asili yake ni madini, bwana. Madini hayaungui. Mengine hupanda na moshi. Yanayobaki huyakuta chini ya chekeche."

Alichota majivu katika chupa ndogo, akazifunga, akazibandika alama. Alieleza kwamba majibu ya maabara yangechukua muda, na kwamba kabla ya majibu hakuwa na haki ya kuandika neno lolote lenye nguvu. Alimtaka asitie tena nguzo hata moja tanurini.

"Na majivu yaliyokwisha kutoka?" Twalibu aliuliza.

"Hayo yako nje ya uzio wako, na nje ya kazi niliyotumwa." Akapanda gari. Dereva alipolitia moto, Bi Rukaya akashusha kioo. "Lakini kama mtungi huo ungekuwa jikoni kwa mama yangu, Bwana Twalibu, nisingengoja chupa hizi."

Gari likaondoka na vumbi lake. Twalibu akabaki amesimama kati ya mawe yaliyopakwa chokaa, na kwa mara ya kwanza weupe wa mawe hayo ukamkera macho.

Akakumbuka Alhamisi iliyopita. Mwajabu, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko wote katika mstari ule, alikuwa amesimama mbele na debe lake kichwani. "Bwana Mstari," alisema, kwani hilo ndilo jina walilompa, "mwaka huu umetuletea majivu ya namna yake. Zamani mdudu alikuwa anazuiwa tu. Sasa dumuzi akiingia mtungini hatoki. Hata sisimizi hapandi!" Wenzake wakacheka, wakaitikia. Na yeye, Twalibu, aliyapokea maneno yale kama nishani. Jioni alimsimulia mkewe, Zaitun, wakati wa chakula. Akaongeza kwamba kazi ikifanywa kwa utaratibu hata majivu huwa bora.

Ndipo alipoelewa usafi wa uwanja wake ulikuwa kitu gani. Kwa muda wote ule hakuwa ameondoa uchafu; alikuwa ameugawa, kwa kipimo cha debe, kwa zamu, bila msukumano. Shimo lilikaa tupu kwa sababu majiko ya watu yalikuwa yamejaa.

Alikwenda moja kwa moja kwenye redio ya upepo na kumwita Khamisi, mkurugenzi wa kampuni, aliyekaa Dar es Salaam. Sauti ya Khamisi ilikuja ikikwaruza.

"Mkaguzi amesema ni sumu?"

"Amesema hawezi kusema mpaka apime."

"Basi! Amesema kweli. Tunangoja majibu."

"Bwana Khamisi, watu wanakula."

"Watu walikuwa wanakula kabla yako na wataendelea kula. Sikiliza, ndugu yangu. Ukitamka neno hilo leo, kesho kutwa kiwanda kimefungwa, na vijana wote hao unaowavisha viatu wanarudi kijiweni. Taa nazo? Zahanati nayo? Wewe ni mtu wa utaratibu. Tangu lini ukatangaza jambo lisilo na karatasi?"

Twalibu alikihamishia mkono wa pili kile chombo cha kusemea. Swali lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililomuuma. Maisha yake yote alikuwa amewadharau watu wanaotenda kwa kushtuka. Alikuwa amewafukuza kazi vibarua kwa kubadili jambo dogo bila idhini. Sasa utaratibu aliouabudu ulikuwa unamsogezea kiti akae angoje kwa heshima, na hakuna ambaye angekuja kumlaumu.

"Nimekusikia," alisema, akaizima redio.

Nje alimkuta Kibwana akingoja. "Nguzo zisitiwe tena," akamwagiza. "Hata kipande."

"Maganda yaliyobaki hayatoshi, bosi. Taa za sokoni zitakufa."

"Zife."

Kisha akatoka kwenye lango kuu kwa miguu, saa za kazi, jambo ambalo mlinzi hakuwahi kuliona, na kwa mshangao akasahau kupiga saluti.

Nyumba ya Mwajabu ilikuwa ya kwanza. Mwenyewe alikuwa uani akipepeta, na wanawake wengine wawili watatu wamekaa wakisukana. Walipomwona wakaanza kuvuta kanga vichwani na kuchekeana.

"Mtume! Bwana Mstari leo ametoka mstarini," Mwajabu alisema. "Karibu. Kiwanda kimepotelewa na nini?"

Twalibu akajikohoza. Maneno yaliyomtoka yalikuwa yale ya ofisini, kwa kuwa hayo ndiyo aliyokuwa nayo. Alisema kwamba kumejitokeza uwezekano wa kuwapo kwa viambata vyenye madhara katika majivu yaliyotolewa karibuni, na kwamba kwa tahadhari ingefaa vyakula vyote vilivyohifadhiwa kwa majivu hayo vikusanywe na kurudishwa kiwandani, vikafukiwe.

Mmoja wao akaangua kicheko.

"Virudishwe kiwandani!" Mwajabu alirudia, ungo ukiwa umesimama hewani. "Nilijua. Nilisema mimi, mkanibishia. Majivu yameonekana mazuri, sasa kampuni inayataka."

"Si hivyo, bibi..."

"Si hivyo vipi? Hospitali ilikuwa bure, sasa tunalipa. Shule ilikuwa bure, sasa tunalipa. Umeme huo mnaotumulikia tunalipa. Yalibaki majivu. Juzi tu mmetuambia ni halali yetu. Leo yana madhara. Kesho tutayakuta sokoni, kwenye vifuko, yana jina la Kizungu!"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Twalibu hakuzoea kuchekwa.

"Mnaweza kuugua," alisema. "Mnaweza kufa."

"Una karatasi ya daktari?"

"Majibu bado hayajatoka."

"Basi na sisi bado hatujasikia," Mwajabu alisema, akaendelea kupepeta.

Ilikuwa wakati huo, ng'ambo ya ua wa makuti, sauti nyingine ilipomwita. Sauti ya taratibu, isiyohitaji kupazwa. "Mkwe, waache hao na midomo yao. Njoo uketi. Mchana umekukuta njiani."

Alikuwa Bi Mwantumu, mama mzazi wa Zaitun. Twalibu akainama kidogo hata kabla hajamwona, kama alivyofanya siku zote. Mbele ya mama huyu yeye hakuwa msimamizi wa mtu yeyote. Hakupata kuvuka kizingiti cha ndani cha nyumba yake, wala kumtazama usoni kwa macho makavu, wala kuongea naye kwa sauti ya juu. Na mama naye, kwa heshima iyo hiyo, husimama nusu nyuma ya mlango, kanga imemfunika hadi kipajini, akimpokea kama mgeni wa heshima na kumlisha kama mwana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Zaitun hajambo?"

"Hajambo, mama."

Alitandikiwa mkeka barazani. Pembeni, juu ya jamvi kuukuu, alilala Warda, mjukuu wa mama huyo, macho yamemwingia ndani. Tumbo lilikuwa limemkataa tangu juzi, mama akaeleza. Zahanati wamesema malaria, wamempa vidonge, lakini vidonge navyo anavitapika. Twalibu akamtazama mtoto yule, asiweze kuendelea kumtazama.

Birika na beseni vikaletwa, akaoshwa mkono. Kisha ikaja sahani yake, imefunikwa kawa, na baada yake sinia la watoto, likawekwa hatua chache kutoka alipokuwa. Wajukuu wakalizunguka, vidole vimelowa, wakatulia wakimwangalia. Katika nyumba ile mtoto hakutia mkono siniani kabla ya mgeni hajaanza. Walikuwa wamefunzwa vizuri.

Akafunua kawa. Wali mweupe, na juu yake kunde za nazi, nzito, zinang'aa. Zilinukia kama zilivyonukia siku ya kwanza alipokuja kuposa.

"Kunde za mtungini hizo," Bi Mwantumu alisema kutoka mlangoni, na furaha ilikuwa ndani ya sauti yake. "Tazama zilivyo nzima. Hata moja haina tundu. Kula, mkwe."

Juu ya ua wa makuti vichwa vilikuwa vimechomoza. Mwajabu na wenzake walikuwa wamefuata maneno waone yatakapoishia. Hakuna kati yao asiyejua maana ya sahani ile. Mkwe hakatai chakula cha mama wa mkewe. Anayekikataa, hata akitaja sababu gani, amesema jambo moja tu: kwamba anashuku mkono uliokipika. Ndoa zilivunjika kwa hilo. Wanawake wazima walipewa jina la uchawi kwa hilo, wakafa nalo.

Twalibu alijua njia ya kutokea. Ilikuwa Jumatatu. Wacha Mungu wengi hufunga Jumatatu. Angesema tu, "Nisamehe, mama, nimefunga," na mama angemwombea dua, na sahani ingefunikwa kwa amani, na heshima ya kila mtu ingebaki mahali pake. Maneno yalikuwa yamekwisha kumfika ulimini. Yalikuwa maneno safi, yamenyooka, hayana vumbi.

Watoto walikuwa wanaungoja mkono wake. Mdogo wao alikuwa amemeza mate.

Akairudisha kawa juu ya sahani. Akaisukuma sahani kwa viganja viwili, polepole, mpaka ikawa mbali na mkeka.

"Mama," alisema, "siwezi kula."

"Umeshiba?"

"Sijashiba. Nina njaa."

Kuku mmoja alikuwa akichakura uani, akasikika kana kwamba yuko peke yake duniani.

"Basi kula, baba."

"Chakula hiki kina sumu, mama."

Kutoka juu ya ua mtu akavuta pumzi kwa sauti. "Ya Rabi! Anamwita mkwewe mchawi," mmoja alinong'ona.

Bi Mwantumu akatoka mlangoni. Akaja mpaka katikati ya baraza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mkwe huyu, na kanga ikamwangukia mabegani, asiirudishe. Twalibu akauona uso wake wote kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake. Ulikuwa uso wa Zaitun, umezeeka.

"Sumu hiyo nimeitia mimi?" aliuliza.

"Hapana, mama. Nimeitia mimi."

Hakuwa na viambata, wala uwezekano, wala tahadhari. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyainamisha, na mama akayatazama, akayatazama, kama mtu anayepima nguo kwa mkono, akitafuta mahali palipochakaa. Kisha akamgeukia Warda pale jamvini. Akachutama, akamgusa kipaji.

Alipoinuka aliliendea sinia, akaliinua juu ya vichwa vya watoto. Mdogo wao akaanza kulia, akimfuata na mkono wake wa kulia ulionyooshwa. Bi Mwantumu hakumtazama.

"Mwajabu," aliita.

"Abee."

"Una chungu motoni?"

"Ninacho, bibi. Cha kunde."

"Kitue."

"Kwani kweli..."

"Kitue, Mwajabu. Umemwona mkwe wangu alichofanya."

Kichwa cha Mwajabu kikatoweka nyuma ya makuti. Zikasikika hatua zinakimbia, kisha mgongano wa chungu na jiwe la figa, kisha sauti yake ile kali, haina mzaha tena, ikimwita jirani wa upande wa pili kwa jina lake na kumwambia atue chungu. Jirani naye akauliza kwa nini, na kabla hajajibiwa akawa anamwita wa kwake.

Twalibu alibaki mkekani, mkono uliooshwa ukimkaukia magotini. Mama mkwe wake alikuwa amesimama, sinia mikononi, hajui aliweke wapi. Wote wawili walizisikiliza sauti zile zikipita nyumba hadi nyumba, zikivuka soko kuelekea barabara ya Lindi, zikififia, mpaka maneno yakawa hayatambulikani tena, na bado zilikuwa zinaitana.